Fyuzi ya gari inaungua kila ukiiweka: utafute shoti kwa balbu, mita au klampu?

Fyuzi ikiungua mara moja, weka nyingine uendelee na safari. Ikiungua tena kwenye nafasi ile ile, acha kununua fyuzi. Kuna mahali umeme unapita njia isiyo yake, mara nyingi shoti, na kilichobaki ni kuamua utaitafuta njia hiyo kwa kifaa gani. Vinavyotumika ni vinne: balbu inayowekwa mahali pa fyuzi, maltimita (ambayo mafundi wengi huiita mita tu), klampu mita, na kifaa maalumu cha kufuatilia shoti. Ipo na njia ya tano, ile ya kuweka fyuzi kubwa zaidi "tuone kama itashika". Hiyo nayo lazima tuiongelee, kwa sababu ndiyo inayoteketeza magari.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa shoti ya kawaida kwenye gari la kawaida, balbu ya bei rahisi inaishinda mita ya bei mbaya. Lakini kuna aina moja ya tatizo ambayo balbu haiioni kabisa, na ukiing'ang'ania hapo utapoteza siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kifaa, jua kwanza una tatizo gani.

Itazame fyuzi iliyoungua

Ichomoe uishike kwenye mwanga. Kwenye kidirisha cha plastiki utaona kile kichuma chembamba kilichokatika. Kama kidirisha kimeingia masizi au kimetapakaa chembe za chuma, umeme mwingi umepita kwa mkupuo, na hiyo ni dalili ya shoti. Kama kidirisha ni safi na kichuma kimeyeyuka tu katikati, mara nyingi ni mzigo uliozidi: mota ya feni iliyokaza, waipa inayosukuma kwa taabu, au mtu kaunganisha taa za ziada kwenye laini isiyozimudu.

Muda nao unasema. Fyuzi hizi za kuchomeka zenye miguu bapa haziungui mara tu kiwango kinapopita. Ikibebeshwa asilimia 135 ya kiwango chake, inaweza kuvumilia hadi dakika 10. Ikibebeshwa mara mbili, inaweza kufika sekunde 5. Shoti kamili haisubiri, unasikia "tak" na imekwisha. Kwa hiyo fyuzi inayoungua baada ya kuendesha robo saa si ndugu ya fyuzi inayoungua mkononi mwako ukiwa ndiyo kwanza unaichomeka.

Halafu jiulize inaungua ukifanya nini. Chukua fyuzi iliyoandikwa STOP kwenye Toyota, ya taa za breki. Nafasi hiyo ina umeme muda wote, hata funguo ikiwa mfukoni. Ikiungua pale unapoichomeka tu, shoti iko kati ya boksi la fyuzi na swichi ya pedali, kipande kifupi kilicho chini ya dashibodi. Ikikaa salama mpaka unapokanyaga breki, swichi imepitisha umeme na shoti iko mbele yake, kuelekea nyuma ya gari. Ikiungua siku ukipita kwenye matuta tu, kuna waya unaogusa bodi (bati la gari, linalorudisha umeme kwenye betri) na kuachia. Umeshapunguza eneo la kutafuta na hujashika kifaa chochote. (Wenye magari ya oto wanaijua fyuzi hii kwa shida nyingine: ikikata, kwenye magari mengi gia inagoma kutoka P, kwa sababu gari haijui kwamba umekanyaga breki.)

Balbu mahali pa fyuzi

Ukiweka balbu kwenye nafasi ya fyuzi, shoti haiwezi tena kuvuta umeme inavyotaka. Balbu ya indiketa ya wati 21 inapitisha ampea 1.75 tu kwa volti 12. Taa ya mbele ya wati 55 inapitisha kama 4.6. Waya uliowekewa fyuzi ya ampea 10 unabeba kiasi hicho bila kupata joto la kutisha. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zake zote. Ukichomoa konekta sahihi au ukiunyanyua waya wenye kosa, inazimika papo hapo. Unatafuta huku umeme unapita na balbu inakujibu kwa kila unachogusa. Huo ndio ubora ambao mita haina.

Kuitengeneza ni kazi ndogo. Fyuzi iliyoungua usiitupe: lehemu waya mmoja kwenye kila mguu wake, upande wa pili funga holda ya balbu. Una plagi inayoingia sawasawa kwenye boksi la fyuzi bila kupanua meno yake. Nyaya zifanye ndefu, mita tatu au nne, uweze kuiweka balbu juu ya paa au kwenye kioo cha mbele na kuiona ukiwa umelala chini ya bampa la nyuma. Taa ya wati 55 inachoma, hivyo usiilaze kwenye kiti wala zulia. Na betri inaliwa muda wote huo, kwa hiyo usiiache ikiwaka ukaenda kula.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Unaweka balbu ya wati 21 kwenye nafasi ya STOP, unakanyaga breki, balbu inawaka vizuri, unaanza kubomoa gari kutafuta shoti ambayo haipo. Kwa nini? Kwa sababu taa mbili za breki za wati 21, zikiwa pamoja, zinapitisha umeme kirahisi kuliko hiyo balbu yako moja. Karibu volti zote zinabaki kwako na inawaka kana kwamba kuna shoti. Kanuni ni kwamba balbu ya kupimia iwe na wati nyingi kuliko mzigo uliopo kwenye laini. Kwa taa za breki tumia ya wati 55: laini ikiwa nzima, itawaka hafifu na taa za breki nazo hafifu, shoti ikiwepo, yako itang'aa na za breki zitakufa kabisa. Au rahisi zaidi, zichomoe taa za breki zote, pamoja na ile ya juu ya kioo, ndipo uanze. Laini isiyo na mzigo haitakiwi kuwasha balbu hata kidogo.

Na zikiwa zimechomolewa, zitazame zenyewe na holda zake. Balbu yenye nyuzi mbili, ile ya breki na taa ndogo, ikilazimishwa kinyume inaunganisha laini mbili zisizohusiana. Holda iliyoyeyuka kwa joto nayo ni shoti tosha.

Ambapo balbu haina mpinzani ni kwenye shoti ya kuja na kuondoka. Kwenye Probox, Noah, Wish na ndugu zao wote wenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, nyaya zinapita ndani ya mpira wenye mikunjo kati ya paa na mlango. Humo zimo za taa ya juu ya breki, waipa ya nyuma, taa ya namba na kufuli la mlango. Kila ukifungua na kufunga, nyaya zinajikunja mahali pale pale, miaka nenda miaka rudi. Mwishowe plastiki inapasuka na shaba inakutana na ukingo wa bati. Weka balbu kwenye nafasi ya fyuzi, mtu akanyage pedali, wewe nyanyua mlango pole pole. Kama kosa liko humo, balbu itarukaruka mlango ukifika pembe fulani, na ukiurudisha sentimita chache inazimika. Hapo vuta mpira utoke kwenye tundu lake, usukume nyuma, na utaiona: plastiki imekatika kwa mduara, shaba imeota ukijani, pengine nyaya mbili au tatu zimeumia pamoja. Mita inakosa hili kwa sababu mguso wa mara moja unapita kabla tarakimu hazijatulia, na macho yako lazima yawe kwenye kioo chake badala ya kwenye waya.

Mita

Mita inaingia pale ambapo hutaki umeme upite kabisa. Unatoa nguzo hasi ya betri, unachomoa fyuzi, unaweka waya mweusi wa mita kwenye bodi na mwekundu kwenye upande wa mzigo wa nafasi ya fyuzi. Upande wa mzigo unaujua kabla ya kutoa betri: wenye volti 12 ni wa kuleta, mwingine ndio wa kupeleka. Ukisoma karibu na sifuri omu (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi njia inavyozuia umeme), kuna njia ya moja kwa moja kwenda kwenye bodi. Unachomoa konekta moja moja mpaka namba ipande.

Kwa maneno ni safi. Kwenye gari halisi, mita ina mtego. Balbu ya wati 21 ikiwa inawaka ina ukinzani wa kama omu 7. Ikiwa baridi, ukinzani huo ni kama sehemu ya kumi tu. Taa mbili za breki zilizo baridi zitakuonyesha omu 0.3 au 0.4, na nyaya za mita zenyewe zikigusana zinaonyesha karibu hivyo hivyo. Mita haina namna ya kukutofautishia laini nzima na laini yenye shoti. Sauti ya "piii" ni mbaya zaidi, maana mita nyingi zinalia hata kwa omu makumi kadhaa. Kwa hiyo na hapa, mizigo yote itoke kwanza. Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inakupa nafuu kidogo, kwa kuwa koili yake huwa na omu makumi, hivyo haifanani na shoti.

Ubora wa mita uko kwingine. Inakuambia kama waya wako umegusa bodi au umegusa waya mwenzake. Inagundua uvujaji wa nusunusu, kwa mfano konekta iliyoingia maji, ambao balbu haiwezi kuuonyesha. Na ukishamaliza kutengeneza, ndiyo inayokuthibitishia kabla ya kurudisha fyuzi mpya. Ninayoiamini ni mita ya kuanzia na kumalizia kazi, balbu ikiwa katikati.

Onyo moja, na nalisema kwa uzito. Usiigeuze mita kwenye ampea na kuiweka mahali pa fyuzi inayoungua. Utakuwa umeipitisha shoti yote kwenye kifaa kilicho mkononi mwako. Mita nyingi za njano za bei ndogo, tundu lao la ampea 10 limeandikwa UNFUSED, yaani halina kinga yoyote ndani. Nyaya zake zitaanza kuyeyuka kabla hujajua kilichotokea.

Klampu mita, kwa fyuzi inayochelewa kuungua

Hili ndilo tatizo ambalo balbu hailioni. Mota ya feni inayokaza inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, fyuzi inapata joto, baada ya dakika kadhaa inakata. Ukiweka balbu, umeibana ile mota isipate umeme wa kutosha, haizunguki, haikazi, na huoni kitu. Mita ya omu nayo itakuonyesha koili nzima, kwa kuwa ni nzima kweli, shida iko kwenye beringi au brashi.

Hapo unahitaji kupima umeme unaopita mota ikiwa kazini. Klampu inauma waya kwa nje bila kukata chochote. Fyuzi sahihi iwe mahali pake, au uitoe nje kwa vipande viwili vya waya ili upate sehemu ya kubana. Pampu ya mafuta ya gari dogo kwa kawaida inakula kati ya ampea 4 na 8. Ukiikuta inapanda taratibu kuelekea 14 kwenye fyuzi ya 15, umeshapata jibu na hakuna waya wa kutafuta.

Jambo la kuangalia dukani ni kwamba klampu nyingi za bei rahisi zinapima ampea za umeme wa nyumbani tu. Volti za gari zitazipima kwa nyaya, ukadhani zinafaa, lakini taya zake zikibana waya wa gari zitakaa kwenye sifuri. Hakikisha upande wa ampea una alama ya mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake, pamoja na ile ya wimbi.

Kifaa cha kufuatilia shoti

Hiki kinakuja vipande viwili. Kimoja kinakaa mahali pa fyuzi na kusukuma umeme kwa vipigo, kingine unakipitisha juu ya zulia na mapambo ya ndani, nacho kinasikia sumaku ya ule umeme. Ukipita mahali pa shoti, mlio unakatika. Faida yake ni kwamba hubomoi gari. Mafundi wa zamani walifanya hivyo hivyo kwa dira: sindano inacheza pale waya unapopita, na inatulia ukishaivuka shoti.

Kwa mwenye gari moja, sioni sababu ya kukinunua. Kwa karakana inayopokea magari ya shoti kila wiki, kinalipa, maana kung'oa viti na zulia la Noah nzima ni kazi ya nusu siku. Wapo wanaotumia kikata umeme kinachojirudisha chenyewe badala ya vipigo. Hicho kinaipitisha shoti kamili kila kinapofunga, hivyo nyaya zinapata joto kweli. Kwenye waya mwembamba sikipendekezi.

Fyuzi kubwa, foili na waya wa kuruka

Fyuzi hailindi redio wala taa, inalinda waya. Ukitoa nyekundu ya 10 ukaweka ya njano ya 20, umeamua kwamba sehemu itakayokatika kwanza ni waya uliojificha nyuma ya dashibodi, kwenye zulia na sifongo. Foili ya sigara au kipande cha waya ni hivyo hivyo, ila bila kikomo chochote. Hakuna hali inayohalalisha hili, hata usiku, hata njiani. Kama fyuzi inayoungua ni ya redio au chaja, iache wazi ufike. Kama ni ya breki au taa za mbele, gari lisitembee.

Ulizia pia kabla fundi hajakata waya na "kuruka" kutoka betri. Kuvuta waya mpya si kosa lenyewe, wakati mwingine ndiyo njia nafuu pale shoti ilipojizika mahali pasipofikika. Lakini waya huo uwe na fyuzi yake karibu na betri, na ule wa zamani ukatwe pande zote mbili.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja

Anza na macho, hayauzwi. Sarafu iliyodumbukia kwenye tundu la kuwashia sigara imeshaunguza fyuzi nyingi za CIG. Kagua kilichofungwa mwisho: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, spotilaiti, ndoano ya kuvutia tela. Chungulia nyaya zinazopita karibu na bomba la ekzosi, hasa za swichi ya rivasi kwenye giaboksi. Tafuta kinyesi cha panya chini ya boneti.

Usipoona kitu, na fyuzi inaungua papo hapo, nunua balbu ya wati 55 na holda yake. Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi hukosi, na duka lolote la spea mtaani kwako linazo. Ukiwa na mita tayari, itumie kuthibitisha. Fyuzi inayochelewa, na laini ina mota, azima klampu au peleka kwa mwenye nayo. Kwa fundi nenda na jina la fyuzi lililoandikwa kwenye kifuniko, ulikuwa unafanya nini ilipokata, na kitu gani kilifungwa karibuni. Ukimkuta anatoa balbu yenye nyaya ndefu kwenye sanduku lake, muachie gari.

Mipaka ni miwili. Nyaya za eabegi, zenye konekta za njano, usizitie balbu wala mita. Na kwenye haibridi kama Prius au Aqua, nyaya nene za rangi ya chungwa haziko kwenye mazungumzo haya: betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni volti 144, ya Prius hupita 200, na umeme huo unaua. Fyuzi za volti 12 kwenye magari hayo unaweza kuzifuatilia kama kawaida. Laini zinazokwenda kwenye kompyuta ya gari ni za mita pekee, kompyuta yenyewe ikiwa imechomolewa.

Ukishaupata waya, usiuzungushie tepu tu ukaurudisha ndani ya mpira wa mlango. Tepu inaachia kwa joto, na risasi ya kulehemu inaufanya waya uwe mgumu pale pale unapotakiwa kujikunja. Kata kipande chote kilichozeeka, weka waya mpya laini wenye nyuzi nyingi na unene ule ule, na viungo vyake vikae ndani ya paa upande mmoja na ndani ya mlango upande wa pili, nje kabisa ya mkunjo. Nyaya jirani zenye nyufa zibadilishe siku hiyo hiyo. Ndipo upime kwa mita, uweke fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko, na ufungue na kufunga mlango mara kadhaa huku breki imekanyagwa.